Namna ya Kujizoeza Sarufi na Usomaji wa Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Sekondari Aliyesoma Shule ya Msingi kwa Kiswahili

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili nchini Tanzania na ambaye sasa yuko kidato cha kwanza au cha pili, mahali ambapo biolojia, jiografia, hisabati na masomo mengine karibu yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza huko husomwa kama somo tu. Kwa hiyo mtoto anapovuka kwenda sekondari hubadilishiwa lugha ya vitabu karibu vyote kwa mkupuo mmoja. Shule nyingi huuanza mwaka kwa majuma machache ya kozi ya awali ya lugha, na kozi hiyo husaidia, ila majuma machache hayawezi kufanya kazi ya miaka. Yanayofuata ni mazoezi ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya peke yake au na mwenzake mmoja, akiwa na daftari, kalamu, kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili na vitabu vya kiada alivyo navyo.

Jambo moja nitalirudia katika sehemu zote, kwa sababu naona halitiliwi mkazo wa kutosha madarasani. Makosa ya Kiingereza ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili hayatokei ovyo. Mengi yana mpangilio, na mpangilio huo ni wa Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi anayeijua vizuri sarufi ya lugha yake anaweza kukisia mahali atakapokosea kabla hajakosea, na hiyo ni faida asiyokuwa nayo mtu anayekariri jedwali la njeo kumi na mbili za Kiingereza siku ya kwanza ya muhula. Jedwali hilo lina mahali pake, lakini si mahali pa kuanzia.

Daftari la makosa

Tenga daftari dogo ambalo si la somo lolote. Kila mwalimu anaporudisha kazi, iwe ya Kiingereza au ya historia, chagua sentensi mbili au tatu zilizosahihishwa, uziandike upya zikiwa sahihi, upigie mstari sehemu uliyoikosea, kisha chini yake ueleze kwa Kiswahili, kwa maneno yako mwenyewe, kilichokufanya ukosee. Sentensi yenye kosa usiinakili, kwa kuwa jicho hukumbuka linachokiona mara nyingi. Maelezo yako yawe mafupi: "hapa nilifuata -me- ya Kiswahili" au "nomino hii haina wingi" yanatosha kabisa.

Baada ya mwezi mmoja hivi, pitia daftari lote na uweke alama kwenye makosa yanayofanana. Wanafunzi wengi hugundua kuwa wino mwekundu uliojaa kwenye insha zao unatokana na aina chache za makosa zinazojirudia. Chagua aina moja kila juma na utunge sentensi kumi zinazoihusu, na sentensi hizo zihusu maisha yako: njia ya kwenda shule, biashara ya mama yako sokoni, ugomvi wa kupanga foleni bombani. Sentensi za namna hiyo hukaa kichwani kuliko zile za kina John na Mary wanaoishi katika vitabu vya mazoezi na ambao daima wanakwenda kwenye bustani ya wanyama.

Ikiwa darasa lina wanafunzi wengi kiasi kwamba mwalimu hawezi kusahihisha lugha ya kila mmoja, badilishaneni madaftari wawili wawili. Mwenzako asome sentensi zako polepole kwa sauti, akisimama kila anapofika kwenye kitenzi na kujiuliza nani anatenda na lini. Makosa mengi husikika sikioni hata kabla ya kujulikana kanuni iliyovunjwa.

Kitenzi ndipo kazi ilipo

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. "Nilimwona" ni neno moja; kwa Kiingereza ni matatu, "I saw him", na wakati uliopita umefichwa ndani ya umbo la "saw" lisilofanana na kiambishi chochote. Kwa sababu hiyo ningeshauri nusu ya muda wote wa kujizoeza sarufi katika mwaka wa kwanza itumike kwenye kitenzi. Hapa chini nataja pia baadhi ya maumbo yasiyo sahihi, mara moja tu, ili uyatambue ukiyakuta katika kazi yako.

Anza na -na-. Katika Kiswahili cha kila siku tunasema "baba anafanya kazi Tanga" tukimaanisha ndiko anakoajiriwa, na tunasema "baba anafanya kazi shambani" tukimaanisha yuko huko sasa hivi. Kiingereza hutenganisha maana hizi mbili: "My father works in Tanga" na "My father is working on the farm". Kipimo unacho tayari, nacho ni kiambishi hu-. Ukiweza kubadilisha sentensi yako iwe "baba hufanya kazi Tanga" na maana isiharibike, tumia umbo fupi, "works". Ukiweza kuongeza "sasa hivi" bila sentensi kupotoka, tumia "is working". Kuna vitenzi vya hali ya moyo na akili, kama "know", "want", "like", "believe" na "understand", ambavyo kwa kawaida havichukui "-ing" hata kama jambo ni la sasa hivi. "Ninajua" ni "I know", na kamwe si "I am knowing".

Kipimo hicho cha hu- kina mtego wake. Hu- haibadiliki kwa nafsi: mimi hufanya, wewe hufanya, yeye hufanya. Kiingereza kwa upande wake hudai "-s" panapokuwa na "he", "she", "it" au nomino ya umoja, na kwa kuwa sikio letu halijazoea mabadiliko hayo, herufi hiyo husahaulika hata na watu wenye shahada. Dawa yake ni zoezi la kubadilisha mtenda. Chukua aya ya mistari sita inayozungumzia "farmers" au "they", uiandike upya ikizungumzia "a farmer" na "she". Kila kitenzi kitalazimika kubadilika, na viwakilishi pia. Fanya hivyo kwa aya moja kila siku kwa majuma mawili, na mkono utaanza kuiweka "-s" kabla akili haijaamriwa.

Kiambishi -me- kinahitaji uangalifu zaidi, maana ndicho kinachotudanganya kwa upole. Tunafundishwa kuwa -me- ni "has" au "have", na mara nyingi ni hivyo: "amefika" ni "he has arrived". Lakini Kiswahili hutumia -me- pia kueleza hali ambayo mtu yumo baada ya tendo kukamilika. "Amelala" ni "he is asleep". "Amevaa gauni jekundu" ni "she is wearing a red dress". "Amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door". "Nimechoka" ni "I am tired", na "nimeelewa", mwalimu anapouliza, ni "I understand". Tunga sentensi kumi zenye -me-, kisha uzigawe makundi mawili: zile zinazoeleza jambo lililokwisha kutendeka, na zile zinazoeleza hali aliyomo mtu. Kundi la kwanza ndilo linaloelekea kwenye "has" na "have"; la pili kwa kawaida huishia kwenye "am", "is" au "are".

Hata kundi la kwanza lina sharti lake. Sentensi inapotaja wakati uliokwisha, kama jana, juma lililopita au mwaka fulani, Kiingereza hukataa "has" na "have" na kutaka wakati uliopita wa kawaida. Kiswahili cha mazungumzo huvumilia "nimemwona jana". Kiingereza cha darasani husema "I saw him yesterday". Katika somo la historia kanuni hii hutumika kila ukurasa: "Tanganyika became independent in 1961", wala si "has become".

Panapokuwa na kukanusha au kuuliza, "did" hubeba wakati uliopita na kitenzi kinachofuata hurudi katika umbo lake la asili: "I did not go", "Did she go?" Anayeandika "did not went" ameuonyesha wakati uliopita mara mbili. Hili ni kosa rahisi kulikomesha. Juma moja la kubadilisha sentensi za kukubali kuwa za kukanusha linatosha.

Mambo mawili yanayofuata ni ya ngazi ya juu kidogo, lakini nayaweka hapa kwa sababu chanzo chake ni Kiswahili moja kwa moja na karibu kila mwanafunzi huyakosea. La kwanza ni -nge-. Kwa Kiswahili husemwa "ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli", -nge- pande zote mbili; kwa hiyo mwanafunzi huweka "would" pande zote mbili. Kiingereza sanifu huiweka upande mmoja tu, na upande wa "if" huchukua umbo la wakati uliopita: "If I had money, I would buy a bicycle." La pili ni -ta- iliyo ndani ya "utakapofika". Tunasema "utakapofika Dodoma, nipigie simu", na kiambishi cha wakati ujao kinaonekana wazi, lakini Kiingereza baada ya "when", "before", "after" na "until" hutumia wakati uliopo: "When you arrive in Dodoma, call me." Ukiitumia "ukifika" badala ya "utakapofika" unapopanga sentensi kichwani, utajiepusha na kosa hilo bila kufikiria kanuni.

Mambo madogo

Vibainishi "a", "an" na "the" havina kifani katika Kiswahili, na vitabu huvieleza kwa kanuni nyingi zinazochosha. Kwa kuanzia shika mbili. Nomino ya kuhesabika ikiwa katika umoja haisimami peke yake. Lazima itanguliwe na kitu, iwe ni "a", "the", "my", "this" au "every". Kisha, kitu kinapotajwa mara ya kwanza mara nyingi huchukua "a", na kinapotajwa tena, pale ambapo Kiswahili kingeweza kusema "mbwa yule", huchukua "the": "I saw a dog. The dog was sleeping." Mengine yatakuja kwa kusoma.

"Yeye" yetu haina jinsia, kwa hiyo unapomaliza aya pitia kila "he" na "she" na uhakikishe mama hakugeuka baba katikati ya habari. Kitenzi chetu hudai kiambishi cha mtenda hata mtenda akiwa ametajwa, ndiyo maana tunajikuta tukiandika "My mother she sells fish", ondoa "she". Vivyo hivyo "mwalimu niliyemsalimia" ni "the teacher whom I greeted", pasipo "him" ya kuiwakilisha -m-. Maneno "information", "advice", "furniture" na "homework" hayana wingi wa "-s", na "people" tayari ni wingi, hivyo husemwa "people are". Kuhusu vihusishi, kiambishi chetu -ni cha "mezani", "nyumbani" na "shuleni" hufanya kazi ya "on", "at" na "in" zote kwa pamoja, na hakuna kanuni fupi ya kukuokoa. Kariri kihusishi pamoja na nomino yake kama kitu kimoja: "on the table", "at home", "at school", "in the market".

Swali la kukanusha linastahili mstari mmoja. Ukiulizwa "Haven't you eaten?" na hujala, jibu la Kiingereza ni "No, I haven't", ingawa kwa Kiswahili ungejibu "Ndiyo, sijala".

Kusoma kifungu cha habari

Desturi iliyoenea ni kusoma kwa kamusi mkononi, kila neno geni likitafutwa papo hapo na maana yake kuandikwa juu ya mstari, mpaka ukurasa unajaa Kiswahili kidogo kidogo cha penseli. Mwanafunzi hubaki na maneno arobaini na hana habari yenyewe. Badala yake, soma kifungu kimoja mara tatu, na kila mara uwe na kazi tofauti.

Tuchukue kifungu hiki kifupi nilichokitunga kwa mtindo wa kitabu cha jiografia:

"Cloves are grown mainly on the island of Pemba. The buds are picked by hand before they open. They are then spread on mats and dried in the sun for several days. If it rains, they must be covered quickly, since wet buds lose their colour and fetch a lower price."

Mara ya kwanza soma mpaka mwisho bila kusimama na bila kamusi, kisha ufunike kifungu na useme kwa Kiswahili, kwa sentensi moja au mbili, habari inahusu nini. Ukiweza kusema tu kwamba inahusu karafuu za Pemba na jinsi zinavyokaushwa, umefaulu hatua hiyo. Kusema kwa Kiswahili hapa si udhaifu, wala si jambo la kuonewa haya. Zipo shule ambazo mwanafunzi huvishwa kipande cha ubao shingoni kwa kusikika akizungumza Kiswahili. Kwa maoni yangu adhabu hiyo hufundisha kunyamaza tu, na mwanafunzi aliyenyamaza hakuna anayeweza kujua ameelewa nini.

Mara ya pili soma ukiwa na penseli, na uzungushie duara maneno ya aina mbili tofauti: yale usiyoyajua, na viwakilishi kama "they", "it", "this" na "which". Kwa kila kiwakilishi chora mstari hadi kwenye kitu kinachowakilishwa. Katika sentensi ya mwisho, "they must be covered", je, ni karafuu au ni majamvi yanayofunikwa? Jibu liko mbele kidogo, "wet buds lose their colour", kwa hiyo ni karafuu. Maswali ya ufahamu hupenda sana kuuliza jambo la namna hii, na anayesoma haraka huyakosa huku maneno yote akiyajua.

Sasa yatazame maneno. Pengine "spread" hulijui. Kabla ya kufungua kamusi jiulize karafuu mbichi hufanywa nini juu ya majamvi kabla ya kukaushwa juani. Mtu aliyewahi kuona mpunga au dagaa ukianikwa ataijua maana ya "spread" bila msaada. Neno "fetch" kila mwanafunzi analifahamu kutoka "fetch water", kuteka maji, lakini hapa linafuatwa na "a lower price", na bei haitekwi. Maana yake ni kupata bei fulani sokoni. "Since" nalo mara nyingi hufundishwa kuwa ni "tangu", lakini hakuna wakati wowote unaotajwa baada yake hapa. Kuna sababu, kwa hiyo ni "kwa kuwa". Maneno mafupi unayodhani unayajua ndiyo yanayopotosha zaidi kuliko marefu yanayotisha. Ukilazimika kutumia kamusi, soma maana zote zilizoorodheshwa na uchague ile inayoingia katika sentensi yako, na ukumbuke kwamba vitenzi huorodheshwa kwa umbo la asili: "grown" utalikuta chini ya "grow".

Mara ya tatu soma kwa ajili ya sarufi, na hapa ndipo kusoma na kuandika vinapokutana. Tazama vitenzi vya kifungu: "are grown", "are picked", "are spread", "dried". Vyote viko katika kauli ya kutendwa, na vyote vinaeleza mambo ya kawaida yanayofanyika kila msimu. Kwa Kiswahili tungesema hulimwa, huchumwa, hutandazwa, hukaushwa. Hu- na -w- mahali pa "are" na umbo la tatu la kitenzi. Vitabu vya sayansi na jiografia huutumia sana muundo huu, kwa sababu huko mara nyingi tendo lina uzito kuliko mtenda. Mwanafunzi aliyeuona muundo huo katika karafuu anaweza kuutumia kesho yake kueleza jinsi chumvi inavyotengenezwa au jinsi udongo unavyopimwa maabara.

Kisha funga kitabu. Andika kifungu hicho kwa Kiswahili safi, si neno kwa neno. Kesho yake, ukiwa na Kiswahili chako pekee, kirudishe katika Kiingereza, na baada ya hapo ulinganishe na kifungu cha asili. Tofauti utakazoziona ndizo za kuingiza katika daftari la makosa. Zoezi hili si geni hata kidogo: Roger Ascham, mwalimu Mwingereza wa karne ya 16 aliyemfundisha Elizabeth kabla hajawa malkia, alilipendekeza kwa vijana wa Uingereza waliokuwa wakihangaika na Kilatini, lugha ambayo kwao ilikuwa ya darasani kama Kiingereza kilivyo kwetu. Kifungu cha sentensi nne au tano kinatosha kwa siku moja. Anayeanza na ukurasa mzima hukata tamaa siku ya tatu.

Kusoma kwa sauti kuna nafasi yake, hasa wakati wa prepo mkiwa wawili: mmoja asome, mwingine aandike anachosikia, kama imla za shule ya msingi. Mwandikaji atajifunza tahajia, na msomaji atalazimika kutamka miisho ya maneno, "-s" na "-ed", ambayo ulimi wetu hupenda kuimeza au kuiongezea irabu.

Msamiati na vitu vya kusoma

Mwaka 1953 Michael West, aliyefundisha Kiingereza kwa miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, na maneno ya orodha hiyo pamoja na maumbo yake hufikia takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Miaka sita baadaye redio ya Sauti ya Amerika ilianza kutangaza habari za dunia kwa Kiingereza chepesi cha maneno yapatayo 1,500, yakisomwa polepole. Ninayataja haya ili mwanafunzi asiitazame kamusi nene na kudhani kwamba lazima ailambe yote. Maneno elfu mbili, yakijuliwa vizuri pamoja na maumbo na matumizi yake, ni msingi wa kutosha wa kidato cha kwanza na cha pili, na juu yake huongezwa istilahi za kila somo. Istilahi hizo, kama "photosynthesis" au "erosion", kwa kweli ndizo rahisi zaidi, kwa kuwa mwalimu huzieleza. Yanayoachwa bila maelezo ni maneno kama "however", "although", "therefore", "unless" na "whereas", yanayounganisha hoja na kugeuza maana ya sentensi nzima. Yaandike haya katika ukurasa wake wa pekee, kila neno na sentensi moja uliyoikuta kitabuni.

Marcella Hu na Paul Nation, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliona kwamba wasomaji wengi huhitaji kuyafahamu maneno kama 98 kati ya kila 100 ili waelewe habari vizuri bila msaada. Kipimo hicho unaweza kukitumia maktabani. Fungua ukurasa wowote, hesabu maneno mia moja, na uone mangapi huyajui. Yakiwa mawili au matatu, kitabu hicho ni cha kusoma kwa raha, kurasa nyingi, bila kamusi. Yakizidi matano, kitabu ni cha kusoma kwa njia ya mara tatu niliyoieleza. Mwanafunzi anahitaji vitabu vya aina zote mbili, na asione aibu kuchukua vya hadithi vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wadogo kuliko yeye.

Kwa anayeishi mjini, magazeti hutoa nafasi ambayo naiona bora kuliko tuisheni nyingi. Kampuni ya magazeti ya serikali huchapisha Daily News kwa Kiingereza na HabariLeo kwa Kiswahili. The Citizen na Mwananchi yana mchapishaji mmoja, na The Guardian na Nipashe hali kadhalika. Tukio kubwa la siku huandikwa katika yote. Soma kwanza habari ya Kiswahili, ya mpira au ya bei ya mazao, halafu usome ya Kiingereza inayohusu tukio hilohilo. Hazitakuwa tafsiri za moja kwa moja, na ni vizuri zisiwe, lakini kwa kuwa majina, mahali na matokeo unayajua tayari, akili inabaki huru kutazama lugha. Gazeti la jana linafaa sawasawa na la leo, na mwenye duka la jirani mara nyingi hana kazi nalo zaidi ya kufungia vitu.

Maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba, pamoja na Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, zina vitabu vya hadithi na vya kiada vya kusomea humohumo. Wakati wa likizo, mwenye simu anaweza pia kuvisoma vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Simu hiyohiyo ina programu za kutafsiri, na kuzikataza hakusaidii. Ila ziingie mwisho. Andika kwanza mwenyewe, kisha uilinganishe kazi yako na ya programu, na uwe macho kwenye viwakilishi, kwa maana "yeye" ya Kiswahili haiiambii programu kama mtu ni wa kike au wa kiume, nayo hukisia.

Kusoma swali la mtihani

Katika upimaji wa kidato cha pili na mitihani mingine ya Baraza la Mitihani, alama hupotea mikononi mwa wanafunzi wanaolijua somo kwa sababu hawakusoma kitenzi cha amri kilicho mwanzoni mwa swali. "Mention" na "list" hutaka utaje tu, na anayeandika aya nzima anapoteza muda. "Outline" hutaka hoja kuu kwa ufupi. "Describe" hutaka ueleze kitu kilivyo au kinavyotokea. "Explain" hutaka hoja pamoja na namna au sababu yake, kwa hiyo hoja tupu hupata alama pungufu. "Distinguish" na "differentiate" hudai pande zote mbili zitajwe katika kila tofauti. "Account for" haihusiani na mahesabu, inadai sababu. Tenga jioni moja upitie mitihani ya miaka iliyopita bila kujibu swali lolote: piga mstari chini ya kila kitenzi cha amri, na useme kwa Kiswahili unachotakiwa kufanya na mara ngapi, kwa kuwa "give three reasons" inadai tatu.

Katika sehemu ya ufahamu soma maswali kabla ya kifungu, ili mara ya pili ya kusoma uwe unajua unachokitafuta. Jibu kwa sentensi kamili ukitumia kitenzi cha swali lenyewe: kwa "Why must the buds be covered?" jibu linaanza "The buds must be covered because", na sarufi ya nusu ya kwanza umepewa na mtunzi wa mtihani bila gharama. Panapoulizwa kufupisha habari, chagua hoja kwanza na uziandike pembeni kwa maneno mawili mawili, kisha utunge sentensi zako. Anayenakili sentensi za kifungu na kuzikata huku na huku huzidisha idadi ya maneno na kupoteza mantiki.

Dakika kumi za mwisho zitumie kwa daftari lako la makosa, ambalo kufikia hapo utakuwa unalijua kwa kichwa. Usisome karatasi nzima ukitafuta kila aina ya kosa kwa pamoja. Ipitie mara moja ukitazama vitenzi vyenye "he", "she" na "it" peke yake, mara nyingine ukitazama nomino za umoja zilizobaki bila kibainishi, na muda ukiruhusu uipitie tena ukitazama kila mahali ulipoandika "has" au "have", ukijiuliza kama hapo palikuwa na jana.